Majiko Chini ya Ukuta

Machi 2

Nimepewa kazi ya kula. Mimi, ambaye nikialikwa harusini hula nyumbani kwanza, leo nimeambiwa nizunguke migahawa yote iliyo chini ya magofu, nile kila mahali, kisha nipange njia ambayo mgeni ataipita mwenyewe kwa miguu, bila kuongozwa na mtu. Atazame ukuta wa kale, ale, atazame tena, ale tena, mpaka atokee upande wa pili akiwa hoi. Kila kituo kitakuwa na kibao cha kumweleza anachokiona na anachokila. Mvua zikiisha, njia ifunguliwe.

Mkuu wetu wa ofisi ya mambo ya kale tunamwita Kijiti, kwa sababu kijiti cha kuchokolea meno hakimtoki mdomoni. Hukichomoa, hukitazama kilichopatikana, hukirudisha. Leo alinionyesha ramani kwa kijiti hichohicho, kikaacha mate juu ya ukuta wa mashariki.

"Wewe una pua," akaniambia. "Kazi hii ni yako."

Watu wote hapa huniita Bi Pua. Wanadhani sijui kwa nini.

Alilolisema mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Migahawa itakayoingia kwenye njia itabaki. Isiyoingia itahamishiwa ng'ambo ya mto, kwenye soko jipya lisiloendwa na mtu ila aliyebanwa na haja. Na mgahawa wa Dada uko palepale chini ya ukuta. Sufuria za Dada ndizo zilizonisomesha, toka darasa la kwanza mpaka nikapata cheti. Akihamishwa, amekwisha.

Machi 4

Nimeanza kwa Mama Vikombe, chini ya ngazi za mawe. Vikombe anavyo vingi kweli, ila vyote vinaoshwa kwenye ndoo moja, maji yaleyale asubuhi mpaka jioni. Ikifika jioni yale si maji tena, ni mchuzi. Kikombe changu cha chai kilikuja na rangi ya midomo ya mtu ukingoni. Nikakigeuza ninywee upande wa pili. Upande wa pili alikuwepo mtu mwingine, tena rangi tofauti.

"Chai imekuwaje, Bi Pua?"

"Tamu." Mungu anisamehe.

Nikapanda haraka kwenye ukuta kupata hewa. Mahali hapa pote ukuta tu ndio usioniudhi. Mawe bapa, yamechongwa kingo, yamepangwa safu juu ya safu bila udongo wala chokaa, na bado yamesimama. Mkavu, mtulivu, haunuki chochote. Nikauegemea mpaka tumbo likatulia.

Machi 5

Tumbo halikutulia.

Machi 9

Leo nimekula kwa Dada. Nilikuwa naahirisha. Tumetoka tumbo moja, lakini amenizidi umri wa kutosha kunibeba mgongoni, na hakuna anayepika kumfikia. Maharage yake yakichemka hata walinzi wa magofu husahau lindo. Ila ana kitambaa. Sijui kitambaa kile kilianza na rangi gani.

"Dada, hiki kimefuta nini?"

"Meza."

"Na kabla ya meza?"

"Meza nyingine." Akacheka mpaka kifua kikatikisika, akanipiga nacho begani. "Kula, mdogo wangu. Umekonda kwa kunusanusa."

Nikala. Kwenye rasimu nimeandika kwamba jiko lake ni safi. Ni uongo na sitaufuta.

Machi 14

Kijiti amewaita wapishi wote ofisini. Wakabanana kwenye mabenchi na nguo zao mbichi kwa mvua, chumba kikanuka moshi, vitunguu na mbwa aliyelowa, ingawa mbwa hakuwepo. Nikaambiwa nisome masharti. Moja lilikuwa hili: kila mgahawa ujenge jiko la mawe yanayofanana na ya ukuta, ili mgeni akitoka kutazama mambo ya kale asikutane na jiko la bati lililotoboka. Asiye na jiko hilo hana kituo.

"Mawe hayo yanauzwa wapi?" akauliza Mama Pacha, yule wa mikate.

"Jitahidini," akajibu Kijiti, akatema kipande cha kijiti sakafuni. "Mnataka maendeleo au hamtaki?"

Wakapiga makofi. Watu hawa hulipigia makofi jambo lolote likisemwa kwa sauti nzito.

Machi 17

Mvua kutwa. Sikula kokote. Siku nzuri.

Machi 23

Majiko yameota kama uyoga. Kila nikipita naona moshi unafuka kwenye mawe, mawe bapa, yamechongwa kingo, ya kijivu chenye madoa ya kutu. Mawe ya namna hiyo yako mahali pamoja tu.

Kwa Mama Vikombe nimeliona moja lina mistari iliyokatwa kwa patasi na mtu aliyekufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Juu yake pamekaa karai la kukaangia, na mafuta meusi yanachuruzika kwenye mistari ile. Nikaziba mdomo.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Yalianguka."

"Yenyewe?"

"Bi Pua, kwani jiwe likitaka kuanguka linaomba ruhusa?"

Nikaenda moja kwa moja kwa Kijiti. Alikuwa anakula yai la kuchemsha, kiini kimemganda kidevuni. Nikamweleza. Akasikiliza huku akitafuna kinywa wazi, nikawa naliona yai lile linavyoendelea na safari.

"Jiwe likishaanguka si ukuta tena," akasema. "Ni jiwe." Kile kiini kikamdondoka juu ya ramani. Akakikomba kwa kidole, akakila.

Machi 30

Jiko la Dada ndilo zuri kuliko yote. Safu juu ya safu, bila udongo, utadhani alifundishwa na waliojenga ukuta. Nilisimama mbele yake nikitamani lingekuwa baya.

"Na wewe, Dada?"

"Na mimi nini? Si uliyasoma masharti wewe mwenyewe? Mawe yanayofanana na ya ukuta. Sasa yanayofanana na ya ukuta yatakuwa wapi, kama si ukutani?"

Nikaanza kuyahesabu mawe.

"Tulianza na yaliyoanguka," akaendelea, mwiko hauachi sufuria. "Yalipokwisha, tukayasaidia yaliyokuwa yanataka kuanguka. Tulibeba kwa zamu, sote. Leo kwa Mama Vikombe, kesho kwa Mama Pacha. Langu lilikuwa la mwisho. Mama Pacha wa watu aling'oka kucha kwa ajili ya jiko langu."

"Mlikuwa mnatoa ya wapi?"

"Ya chini. Ya juu tungeyafikiaje?"

Ya chini! Ukuta usioshikwa na udongo wala chokaa, wanauvuta mawe ya chini, katikati ya masika. Watu wazima, wenye watoto. Nimekaa hapa na kalamu yangu nawachukia wote, na nikijua kwamba Dada yumo nazidi kuwachukia wengine, kana kwamba wao ndio waliomtia mkono ukutani.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 4

Mvua. Kijiti amepigia chafya rasimu yangu. Nimeinakili upya.

Aprili 7

Nimepanda kuutazama ukuta wa mashariki. Umetoka tumbo. Wiki iliyopita haukuwa na tumbo. Nikamwambia Kijiti, akasema ukuta uliosimama muda wote huo hautashindwa kutusubiri mpaka tufungue njia. Kisha akaniuliza kama kwa Mama Pacha wanatoa siagi.

Aprili 11

Ukuta umeanguka.

Ilikuwa mchana, mvua imepungua kidogo, nami niko mezani naandika habari za mikate. Nikasikia kishindo kirefu, kama lori la kokoto linamwaga mzigo na halimalizi. Ofisi nzima tukatoka mbio. Pale uliposimama ukuta wa mashariki palikuwa na mbingu. Sijawahi kuiona mbingu mahali pale. Mawe yameteremka mpaka kwenye ngazi, matope yanabubujika katikati yake, na wapishi wamesimama mvuani na miiko yao mikononi, wanatazama juu. Hakuna aliyelia. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa kile kitambaa chake.

Hakufa mtu. Mbuzi wawili walifukiwa, walikuwa wamejikinga mvua ukutani. Nilidhani hilo ndilo baya kuliko yote nitakaloliona leo. Lakini kabla ya jioni mbuzi wale walikwishafukuliwa, wamepondeka vile, na pembeni ya lundo hilohilo watu wakawa wanauziana supu. Nywele za mbuzi zinaelea. Mtu anapuliza nywele kando, anakunywa. Kijiti alikunywa mabakuli mawili, akiwa amesimama juu ya jiwe la kale ili asichafue viatu.

"Hasara kubwa," akaniambia, akajichokonoa meno.

Nikaenda nyuma ya ofisi nikatapika.

Aprili 12

Makao makuu wanatuma wakaguzi. Kijiti ameniagiza niandike kwamba mvua ndiyo iliyoangusha ukuta. Nikamjibu kwamba nitaandika nilichokiona. Akanitazama kwa upole ambao sikuupenda.

"Andika, mama. Andika tu."

Nikaandika kurasa tatu. Majiko yote, kila moja na idadi ya mawe yake, kisha lile sharti, na aliyelitunga. Nikampelekea.

Baadaye, nikiwa njiani kwenda kwa Dada, nikasikia harufu ya sementi. Kijiti alikuwa amepita na mwavuli wake, mgahawa kwa mgahawa, akinong'ona. Mama Vikombe amepiga magoti anapaka jiko lake, Mama Pacha anapaka, wote wanapaka, mikono ya kijivu mpaka viwikoni, na mikono hiyohiyo inaingia kwenye unga. Dada alikuwa anafungua mfuko wake.

"Usipake," nikamwambia.

"Wenzangu wanapaka."

"Dada, nisikilize. Ukipaka utakuwa umeficha, na mwenye kuficha ndiye mwizi. Usipopaka tutasema ukweli, kwamba mlifuata sharti la ofisi. Ripoti nimeiandika mimi kwa mkono wangu. Nitakutetea."

Akanitazama kwa muda, kama anayeangalia wali umeiva au bado.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaufunga mfuko wa sementi, akausukuma uvunguni mwa meza.

Aprili 16

Wamekuja, buti nyeupe, miavuli myeusi. Kijiti mbele, sisi nyuma. Kwa Mama Vikombe mkaguzi mmoja akapitisha kidole juu ya jiko, sementi laini, akasema, "Hapa pasafi." Pasafi! Mama Vikombe akainama kuokota kitu kisichokuwepo.

Tukafika kwa Dada. Alikuwa amesimama kando ya jiko lake la mawe matupu, amefunga kanga mpya, mikono ameikunja mbele kama mwanafunzi anayengoja kuitwa. Kijiti akajishika kifua.

"Mungu wangu! Mawe ya ukuta!" Akawageukia wakaguzi, machozi kabisa yanamlenga. "Na huyu ni dada wa mfanyakazi wetu. Lakini mfanyakazi wetu hakumficha, amemtaja mwenyewe kwenye ripoti. Tazameni uadilifu huo."

Akaitoa ripoti. Kurasa tatu zilikuwa zimebaki moja. Ule wa Dada.

"Hiyo siyo yote," nikasema. "Niliandika mengine..."

"Mwacheni kidogo, ana uchungu," akasema Kijiti, na mkono uliotoka kuchokonoa meno ukatua begani mwangu, ukanipapasa. Mkaguzi mmoja akanipa leso. Nikaendelea kusema, lakini nilikuwa nalia, na mtu anayelia husikilizwa kwa huruma tu. Wakawa wanatikisa vichwa huku wanaondoka.

Dada hakuwatazama wao hata mara moja.

"Ulisema una hakika," akaniambia.

Nimeoga mara mbili. Bega bado lina mkono wa yule mtu.

Aprili 20

Dada amehama. Alilibomoa jiko mwenyewe, akayabeba mawe akayarudisha kwenye lundo la ukuta, moja moja. Hakutaka nishike hata moja. Wapishi wenzake walimbebea sufuria mpaka ng'ambo ya daraja, na sementi bado imeganda kwenye kucha zao. Wanafiki. Nilitamani kuwatemea mate. Mimi nilibeba mwiko tu, na hata huo Dada aliuchukua mwanzoni mwa daraja.

Aprili 22

Nimeenda ng'ambo kumwona Dada. Soko lote wateja wawili, na mmoja wao alikuwa anauliza njia. Maharage yamekauka sufuriani.

"Nirudishe kwangu," akaniambia bila hasira. "Wewe una ofisi. Nirudishe."

Nikamwambia nitafanya kitu.

Aprili 29

Mvua zinakatika. Mpango umebaki uleule, ila ukuta wa mashariki sasa unaitwa "eneo la mawe yaliyolala". Kijiti amepitisha maneno ya vibao bila kuyasoma mpaka mwisho, kisha akanituma kwa fundi wa vibao nimsomee. Vitasimikwa vikiwa vimefunikwa vitambaa, vifunuliwe siku ya ufunguzi.

Fundi anakula karanga kwa mkono ulioshika brashi. Kidevu chake kina rangi ya samawati na bado anatafuna. Zamani ningetoka nje. Leo nilikaa. Nilikuwa na maneno yaliyopitishwa mkono mmoja, na mengine niliyoyaandika nyumbani mkono wa pili.

Nikamsomea ya nyumbani.

Akasimamisha brashi. "Ofisi inayajua haya?"

"Ofisi itayasoma."

"Mimi napaka ninachosomewa," akasema, akatupa karanga kinywani.

Mei 10

Niandike vizuri, nisisahau hata kidogo.

Jua limewaka, viti vya plastiki vimepangwa, mgeni rasmi amekuja na msururu wake, na wale wakaguzi nao wamo. Kijiti amevaa suti inayombana makwapani na jasho limekwishachora mipaka yake. Akazungumza sana. Alipochoka akatupeleka kwenye kituo cha kwanza, kwa Mama Vikombe, akavuta kitambaa, na kwa kuwa anaipenda sauti yake akaanza kusoma kibao kwa nguvu ili hata walio nyuma wasikie.

"Kituo cha kwanza. Chai na mkate. Mgeni, tazama jiko lililo mbele yako. Chini ya sementi hii kuna mawe ya ukuta wa mashariki, yaliyotolewa chini kabisa kwa sharti la mkuu wa ofisi yetu. Ukuta ulianguka kwa ajili ya jiko hili. Gonga, usikie."

Alifika mpaka "usikie" kabla masikio yake hayajamfikishia habari. Kijiti kikamdondoka mdomoni.

Mgeni rasmi, mama mmoja mnene mwenye fimbo, akaiinua. Akagonga. Sementi ilikuwa mchanga mtupu, ikabanduka pande kubwa, na jiwe lenye mistari likachungulia na mafuta yake.

"Twende cha pili," akasema.

Kijiti akajaribu kusema chakula kinapoa. Mama yule akafunua kitambaa cha pili kwa fimbo yake mwenyewe. Kisha cha tatu. Watu wanasoma, wanagonga, sementi inadondoka kwenye unga, kwenye mchuzi, wapishi wamesimama kando ya majiko yao kama waliofumaniwa. Kwenye nafasi tupu ya Dada kibao kilisema: "Hapa palikuwa na jiko la mawe ambalo halikufichwa. Ndilo lililoondolewa peke yake." Mgeni rasmi alisimama hapo muda mrefu kuliko kote.

Nilijisikia mwepesi, msafi, kama nimetoka kuoga. Sijajisikia hivyo toka Machi.

Mei 12

Njia imefungwa kabla haijapitwa na mgeni hata mmoja. Migahawa yote imeamriwa kuondoka chini ya magofu leo hii. Kijiti ameitwa makao makuu, na wanasema atapewa meza huko. Mimi nimeambiwa nikapumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa, na aliyeniambia hakunitazama usoni.

Sijali. Kesho asubuhi nakwenda kumweleza Dada.

Mei 13

Nilivuka daraja karibu nakimbia. Nilikuwa nimejipanga nianzie wapi, nimwigizie Kijiti alivyosoma, nimchekeshe.

Sikuwa wa kwanza kufika. Wote walikuwa pale, chini ya bati la Dada. Mama Vikombe amekaa juu ya ndoo yake. Mama Pacha na wanawe wawili wamelala kwenye magunia, na mikate ya jana, hakuna wa kuinunua. Masufuria yamerundikwa mpaka mlangoni. Hakuna aliyeniamkia.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia." Alikuwa anakoroga. "Nani alikutuma?"

"Si uliniambia nifanye kitu?"

"Nilikuambia unirudishe mimi." Hakupaza sauti. "Nilikuambia uwatoe wenzangu?"

"Walikuacha peke yako! Walipaka sementi, wakainamisha vichwa..."

"Walipaka kwa sababu wana watoto. Mimi nami nilikuwa napaka. Wewe ndiye uliyenizuia." Akamimina maji kwenye sufuria, akaonja, akaongeza chumvi. "Hawa walinibebea mawe. Nilipohamishwa walinibebea sufuria. Kila siku toka nihamie hapa, Mama Vikombe alikuwa ananitumia wateja wake wavuke daraja. Ulilijua hilo?"

Sikulijua. Nilimtazama Mama Vikombe, naye akatazama ndoo.

"Uliwaonea kinyaa tu," akasema Dada. "Siku zote. Na mimi pia. Unadhani sikuoni unavyokishika kijiko?"

Nikayahamisha macho kwenye sufuria. Maharage yalikuwa yameiva na harufu imejaa pote, na toka jana sikuwa nimetia kitu mdomoni. Dada akatoa sahani, akazifuta kwa kitambaa chake, akapakua. Akampa Mama Vikombe, akampa Mama Pacha, akawaamsha watoto akawapa. Nikanyoosha mikono yote miwili nipokee yangu.

"Wewe nenda kale ofisini kwako," akasema, akafunika sufuria.